Pori Liwe Bustani: Somo kwa Mlaji Anayesafisha Eneo Lililoota Magugu

Katika miji yetu na vitongoji vyake, si ajabu kukuta kiwanja au kipande cha shamba kilichonunuliwa, kilichorithiwa au kilichokodiwa kikiwa kimekaa miaka mitatu au minne bila kuguswa. Majani hufika kifuani, vichaka hufunga njia, na mwenye eneo hushindwa hata kuonesha mpaka wake. Siku anapoamua kupanda mchicha, nyanya au bamia, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta vibarua au kununua dawa ya kuua magugu. Fedha hutoka haraka. Baada ya mvua mbili eneo huwa limerudi kuwa pori kama lilivyokuwa.

Somo hili linahusu fedha hizo. Kusafisha eneo ni huduma inayonunuliwa kama huduma nyingine yoyote, na zana, mbegu, mbolea na viuagugu ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Mlaji anayezinunua ana haki ya kupata alicholipia, na ana wajibu wa kujua anachokihitaji kabla ya kulipa. Tumechukua mifano yetu kutoka Tanzania, hususan maeneo yanayopata mvua za vuli na masika, lakini mengi tunayoyaeleza yanafaa popote penye jembe na magugu.

1. Kanuni moja ya kuanzia

Kanuni yenyewe ni hii: usilipe kusafisha eneo kubwa kuliko lile unaloweza kulitunza. Gharama ya kufyeka na kung'oa visiki hulipwa kwa mkupuo, ilhali faida yake huja kidogo kidogo, msimu baada ya msimu. Ardhi iliyoachwa wazi haikai wazi. Mbegu za magugu zilizolala ardhini hupata mwanga na unyevu, nazo huota zote kwa pamoja. Mwenye eneo aliyefyeka ekari nzima na kupanda matuta manne hujikuta akilipa kufyeka ekari ileile mara ya pili.

Tuchukue mfano wa familia yenye robo ekari, yaani takriban mita za mraba 1,000, inayomwagilia kwa ndoo. Katika kiangazi chenye joto, bustani ya mboga huhitaji karibu lita 4 hadi 5 za maji kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Matuta kumi yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 ni mita za mraba 100. Hapo tayari familia inahitaji lita 400 hadi 500 kila siku, yaani madebe 20 hadi 25 ya lita 20. Ni watu wangapi wa nyumba hiyo wanaoweza kuyachota maji hayo asubuhi na jioni? Kama hawapo, hata mita 100 ni nyingi kwao. Kinachoweka mpaka wa bustani hiyo ni maji na mikono, wala si ukubwa wa ardhi.

Kwa hiyo, kabla ya kuita kibarua, andika majibu ya maswali matatu: maji yatatoka wapi, nani atapalilia, na kwa wiki ana saa ngapi za kufanya hivyo. Ukishajibu, ligawe eneo lako katika ngwe, yaani vipande vilivyopimwa. Ngwe ya kwanza isafishwe hadi kwenye mzizi. Zilizobaki zifyekwe tu kabla magugu hayajatoa mbegu, zisubiri zamu yake.

2. Je, una haki ya kulitumia eneo hilo, na kwa muda gani?

Mgogoro mchungu kuliko yote katika jambo hili humpata mtu aliyekodi pori. Anakubaliana na mwenye eneo kwa maneno, analipa kodi ndogo kwa kuwa eneo limechakaa, anang'oa visiki, anatia samadi, anavuna mara moja. Msimu unaofuata mwenye eneo anamwambia kwamba kodi imepanda, au kwamba kuna mtu mwingine anayelitaka. Jasho la mpangaji limepandisha thamani ya ardhi ya mtu mwingine, naye hana hata karatasi moja ya kumtetea.

Tunashauri makubaliano yaandikwe, hata kama mnajuana na hata kama ni ndugu. Maandishi hayo yaeleze mambo yafuatayo:

- majina ya pande zote mbili na ya mashahidi, pamoja na mahali eneo lilipo na mipaka yake;
- muda wa kukodi, ukitajwa kwa misimu au kwa tarehe, usiwe msimu mmoja iwapo mpangaji ndiye anayebeba gharama ya kusafisha;
- kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, na lini kodi inaweza kubadilishwa;
- nani analipa kufyeka na kung'oa visiki, na kama gharama hiyo itapunguzwa kwenye kodi;
- notisi ya miezi mingapi itatolewa endapo mmoja atataka kuvunja mkataba, na mazao yaliyomo shambani yatakuwa ya nani.

Wasaini mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na kila mmoja abaki na nakala. Ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji inaweza kushuhudia makubaliano hayo, na mara nyingi ndiyo inayojua kama anayejiita mwenye eneo ndiye kweli.

Angalia pia mahali eneo lilipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au bahari zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira hayo. Pori zuri lenye udongo mweusi kandokando ya mto linaweza kuwa ndilo lile usiloruhusiwa kulifyeka. Ukikuta mti mkubwa wa mbao, uliza ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kuukata, hata kama umo ndani ya mipaka yako.

3. Ekari ni hatua za nani?

Vibarua wengi hulipwa kwa ekari, na ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hiki kina ukweli ndani yake, lakini hatua inayokusudiwa ni ndefu, karibu sentimita 91. Hatua 70 za urefu huo ni mita 64, na mita 64 kwa 64 ni mita za mraba 4,096. Ekari kamili ni kama mita za mraba 4,047.

Sasa tuseme anayepima ana hatua ya kawaida ya sentimita 80. Hatua zake 70 ni mita 56 tu, na eneo alilolizunguka ni mita za mraba 3,136, zaidi kidogo ya robo tatu ya ekari. Kama mlikubaliana shilingi 100,000 kwa ekari, umelipa takriban shilingi 22,500 kwa ardhi ambayo haikuguswa. Huenda hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini hasara ni yako.

Dawa yake ni rahisi. Chukua kamba isiyonyumbuka, ipime kwa futi kamba ya fundi hadi mita 20, funga fundo katika kila mita 5, kisha pima eneo pamoja na kibarua kabla kazi haijaanza. Simika vijiti kwenye pembe. Kipimo kilichofanywa mbele ya pande zote mbili huzuia ugomvi wa jioni.

4. Kukagua kabla ya kukata

Pori huficha mengi. Tembea eneo lote ukiwa umevaa buti na suruali ndefu, ukitanguliza fimbo ndefu, wala usitie mkono mahali usipopaona. Tafuta mashimo ya choo au kisima kilichoachwa, vipande vya chupa, misumari, nyaya, mizinga ya nyuki na vichuguu. Kila utakachokiona kiwekee kijiti chenye kitambaa ili anayefyeka asikutane nacho kwa ghafla. Nyoka akimuuma mtu, mlaze atulie, usichanje jeraha wala usifunge kamba ya kukaza, na umfikishe hospitali haraka.

Upupu nao si wa kudharauliwa. Maganda yake yana vinyweleo vinavyowasha vikali, na yakikauka upepo huvisambaza hadi kwa jirani. Mmea huu ukatwe ungali mbichi, kabla maganda hayajakauka, asubuhi pasipo na upepo, na mkataji awe amefunika ngozi na macho.

Uliza majirani eneo lilitumika kwa nini zamani. Mahali palipokuwa gereji, jalala au pa kuchomea betri hapafai kwa mboga za majani, kwa sababu mafuta machafu na madini kama risasi hubaki ardhini kwa miaka mingi. Hili halionekani kwa macho, na hakuna mbolea inayolitibu.

5. Kufyeka bila kiberiti

Wakati mzuri wa kufyeka katika maeneo ya mvua mbili ni kiangazi cha Juni hadi Septemba, ili udongo uwe tayari kabla ya vuli. Fyeka kwa fyekeo au panga hadi urefu wa kiganja, ukianzia ukingoni kuelekea katikati, wala usiwaweke wafyekaji wawili karibu karibu. Vichaka vikatwe kwanza, majani yafuate, visiki vichimbuliwe mwisho kwa sururu na shoka.

Wengi hukimbilia kuchoma. Moto huonekana wa bure, lakini una bei. Huunguza majani ambayo yangekuwa mboji, hupeperusha naitrojeni iliyomo ndani yake, huacha udongo uchi mbele ya mvua ya kwanza, na hauui mizizi iliyo chini. Aidha, moto ukivuka mpaka ukaunguza shamba au nyumba ya jirani, aliyeuwasha ndiye atakayetakiwa kulipa. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo kuhusu uchomaji. Ziulize kabla ya kuwasha.

Badala ya kuchoma, tenganisha ulichokikata katika mafungu matatu. Majani makavu yasiyo na mbegu yawe matandazo. Majani mabichi yarundikwe tabaka kwa tabaka pamoja na samadi na maji kidogo ili yawe mboji. Fungu la tatu ni magugu yenye mbegu na yale yenye mizizi inayochipua. Hayo yaanikwe juani juu ya bati au turubai hadi yakauke kabisa, yasiingie kwenye mboji.

6. Yajue magugu yako kwa sura

Magugu hayafanani, na dawa ya moja ni lishe ya jingine. Mlaji anayeyajua huokoa fedha zaidi kuliko anayenunua dawa ya bei kubwa.

*Ndago.* Ukiing'oa hukatika, kwa kuwa chini ina vinundu vilivyoungana kama shanga katika uzi. Kila kinundu kinachotenganishwa na mwenzake kinaweza kuchipua. Kwa hiyo, kupitisha trekta au jembe mara moja katika eneo lenye ndago na kuliacha ni kuipanda upya. Ichimbuliwe wakati wa kiangazi, vinundu vianikwe juani, na machipukizi yakatwe kila yanapotokeza hadi akiba ya chakula iliyomo kwenye vinundu iishe. Kazi hii ni ya misimu, hivyo asikudanganye mtu kwamba ataimaliza kwa siku moja.

*Ukoka na sangari.* Haya hutambaa kwa mashina marefu, juu ya ardhi au chini yake. Jembe huyakatakata na kuongeza idadi yake. Uma wa shamba hufaa zaidi, kwa sababu hunyanyua udongo na kuutikisa mzizi ukiwa mzima. Ufuate mzizi kwa mkono hadi mwisho wake.

*Gugu karoti.* Lina majani yaliyochanika kama ya karoti na maua madogo meupe. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na watu wengi huvimba ngozi au kubanwa na pumu wanapougusa au kuvuta chavua yake. Ung'olewe kabla ya kuchanua, kwa glavu na kitambaa puani, na usilishwe mifugo.

*Magugu ya msimu mmoja,* kama mbwembwe na mengineyo yanayoota kwa mbegu tu, ndiyo mepesi kuliko yote. Kwa haya jembe dogo linatosha, mradi yakatwe kabla ya kutoa mbegu.

7. Ukiamua kununua kiuagugu

Hatusemi viuagugu visitumike, bali tunataka mlaji ajue ananunua nini. Vipo vinavyounguza tu pale vinapogusa, na hivyo haviui mzizi wa ndago wala ukoka. Vipo vinavyonyonywa na majani hadi mizizini, kama vile vyenye glaifoseti. Vipo pia vinavyochagua, kwa mfano vyenye 2,4-D, ambavyo huua mimea yenye majani mapana na kuacha jamii ya nyasi. Mwenye shamba la ukoka akiuziwa hiki cha mwisho, amenunua maji. Na upepo ukikipeleka kwenye nyanya za jirani, amenunua kesi.

Kosa linalopoteza fedha nyingi ni kufyeka leo na kupulizia kesho. Kiuagugu kinachosafiri hadi mizizini huhitaji majani mabichi ya kukipokea, na shina kavu halina njia ya kukipeleka. Subiri machipukizi mapya yapate majani ya kutosha, pulizia asubuhi isiyo na upepo wala dalili ya mvua, kisha acha wiki moja hadi mbili kabla ya kulima.

Dukani, kagua mambo haya kabla ya kutoa fedha:

- chombo kiwe cha asili, chenye kizibo kisichovunjwa; usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa bei nafuu;
- lebo iwe na jina la kiambato, namba ya usajili, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na maelezo ya matumizi kwa Kiswahili;
- muuzaji awe na kibali kilichowekwa mahali pa wazi; nchini Tanzania msimamizi wa viuatilifu ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020;
- risiti itolewe, ikitaja jina la bidhaa na wala si neno "dawa" pekee.

Mpuliziaji avae buti, glavu, miwani, barakoa na nguo ndefu. Mwaka 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka kadhaa za udhibiti duniani zina maoni tofauti na hayo, lakini kinga haina hasara. Chombo kitupu kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha chombo kitobolewe. Kisitumike kamwe kuchotea maji wala kuhifadhia mafuta ya kupikia.

8. Udongo kwanza, mbolea baadaye

Baada ya ngwe kusafishwa, chimba shimo la sentimita 30 na ulitazame. Udongo wenye minyoo na mizizi mingi uko hai. Mimina ndoo ya maji shimoni: yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, utahitaji matuta yaliyoinuka na mfereji. Kisha nyevusha udongo kidogo na uuviringishe kiganjani. Ukifanya uzi mrefu usiokatika, ni mfinyanzi. Ukimomonyoka, ni kichanga. Yote mawili hunufaika na mboji, ambayo hulegeza mfinyanzi na kusaidia kichanga kushika maji.

Ikiwa unakusudia kuuza mazao, kipimo cha maabara ni matumizi mazuri ya fedha kuliko mfuko wa mbolea ulionunuliwa kwa kubahatisha. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa kupindapinda, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi ambayo haikuwahi kuwekwa mbolea, ukaushe kivulini, na upeleke nusu kilo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro ni miongoni mwa taasisi zenye maabara za udongo. Afisa ugani wa kata yako anaweza kukuelekeza kwa walio karibu.

Samadi iwe imeiva: nyeusi, isiyonuka, isiyo na joto. Samadi mbichi huunguza miche na huleta mbegu za magugu yale yale uliyoyang'oa. Debe moja kwa kila mita ya mraba ni mwanzo mzuri kwa tuta jipya. Mbolea ya viwandani inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, na mbegu na Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI. Mfuko ulioshonwa upya kwa mkono, au pakiti isiyo na lebo ya ubora, urudishe kaunta.

9. Subira ya siku kumi na nne

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo hupunguza kazi ya palizi kwa msimu mzima. Tifua udongo, usawazishe kwa reki, uinue matuta yenye upana wa mita 1 hadi 1.2 ili uweze kufikia katikati bila kuyakanyaga, na uache njia za sentimita 40. Halafu usipande. Mwagilia kana kwamba umepanda, usubiri takriban siku 14. Mbegu za magugu zilizo juu juu zitaota. Zikate kwa jembe dogo kwa kina kisichozidi sentimita 2 au 3, ili usiamshe nyingine zilizolala chini. Ndipo upande, na ufunike nafasi zilizobaki kwa matandazo.

Ngwe zinazosubiri zamu nazo zisikae bure. Viazi vitamu, kunde na maboga hufunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga, na huku vikilisha nyumba.

10. Kumlipa anayefanya kazi

Maneno "kusafisha shamba" yamezua ugomvi mwingi, kwa kuwa kila mtu huyaelewa kwa namna yake. Kwa kibarua huenda ni kufyeka tu. Kwa mwenye eneo ni kufyeka, kung'oa visiki, kukusanya takataka na kulima. Andikeni kila kazi na bei yake: kufyeka, kung'oa visiki, kukusanya, kulima mara ya kwanza, kuinua matuta. Kwa trekta, ongezeni kina cha kulima na nani analipa mafuta.

Mwombe kibarua afanye kwanza kipande kidogo, tuseme mita 5 kwa 5, mkikubali kwamba hicho ndicho kiwango cha kazi yote. Lipa kwa awamu kadiri kila ngwe inavyokamilika na kukaguliwa, wala usilipe yote kabla. Wajibu uko pande zote mbili: aliyemaliza kazi kama ilivyokubaliwa alipwe siku hiyo hiyo, kwa bei ile ile, bila kutafutiwa visingizio. Weka daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa fedha za shamba.

11. Pakitokea malalamiko

Bidhaa ikiwa bandia au mbovu, acha kuitumia, hifadhi chombo, kilichobaki ndani na risiti, kisha urudi kwa muuzaji kwanza. Asipokusikiliza, toa taarifa kwa afisa ugani na kwa mamlaka inayohusika na bidhaa hiyo kama tulivyozitaja. Tume ya Ushindani hupokea pia malalamiko ya walaji kuhusu bidhaa bandia na udanganyifu. Mgogoro wa mkataba wa eneo uanzie ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, kabla ya kufikiria Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika kila hatua utaulizwa maandishi. Asiyekuwa nayo huwa na maneno tu.

12. Maswali ya kujipima

Someni maswali haya nyumbani au katika kikundi chenu, na kila mmoja ajibu kuhusu eneo analolifahamu.

1. Una madebe mangapi ya maji kwa siku, na yanatosha mita ngapi za mraba?
2. Kama umekodi, karatasi yako inakulinda kwa misimu mingapi?
3. Hatua yako moja ina sentimita ngapi? Ekari yako ya hatua 70 ni mita ngapi za mraba?
4. Taja magugu mawili yaliyopo kwenye eneo lako. Yanaenea kwa mbegu, kwa mizizi, au kwa vyote viwili?
5. Kiuagugu unachofikiria kununua kinaua mzizi au majani tu? Lebo inasemaje?
6. Ni kazi gani hasa uliyomwajiri kibarua kuifanya, na imeandikwa wapi?

Anayeweza kuyajibu yote sita yuko tayari kuanza ngwe yake ya kwanza. Anayeshindwa kuyajibu aahirishe malipo, atafute majibu kwanza, kisha arudi na fyekeo.